Yai la Njiwa wa Bibi

Harufu ya mtama uliolowekwa hunirudisha uani kwetu Gisenyi, kwenye vizimba vya njiwa vya bibi. Alitafuna mtama huo akawalisha makinda kwa mdomo wake, ndiyo maana njiwa wake wote walitua begani mwake bila woga.

"Katoto ka njiwa ukazoeze mukono yako," aliniambia, "lakini yai usiguse. Mama yake ataikimbia."

Mimi nilijichagulia yai moja, nikitaka kinda langu linijue hata kabla ya kuanguliwa. Kila asubuhi nililishika yai hilo, nikalinong'oneza. Siku ya nne mama njiwa hakurudi kiotani.

Bibi hakunipiga. Aliniwekea lile yai kiganjani, limeshapoa.

"Bon, haya, sasa we ndiyo mama. Lalia."

Nililifumbata mpaka jioni, nikiogopa hata kukohoa. Hadi leo, nikiisikia harufu ile, mkono wangu hujifumba wenyewe.