Siku Mama Alipouachilia Mkono Wangu

Harufu ya pareto iliyoanikwa juani haifanani na harufu nyingine yoyote ninayoijua. Ni chungu kidogo, inakwaruza koo, halafu inabaki kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Juzi nilipita nyuma ya ghala moja kule Bahati ambako mtu alikuwa amemwaga maua yake juu ya turubai, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimesimama pale, mkono wa kushoto nimeunyoosha kando kama mtu anayengoja kushikwa. Mwenye pareto akaniuliza, "Mathe, umepoteza kitu?" Nikamwambia hapana. Nyinyi nitawaambia ukweli. Nilikuwa nangoja mkono wa mama yangu.

Tulikuwa watu wa Maragoli, lakini mimi nimekulia kwenye shamba la mzungu mmoja juu ya Bahati, miaka ile ya hamsini. Baba alikuwa mkamuaji wa ng'ombe. Mama alichuma pareto pamoja na wanawake wengine, na kila mtu alijua kikapu chake hujaa mapema. Kisha macho yakaanza kumuwasha. Yakawa mekundu, yakatoa machozi, kope zikajikunja ndani na kumkwaruza kila alipopepesa. Baba alipompeleka hospitali Nakuru mjini, daktari aliziinua kope zile kwa kidole, akatikisa kichwa, akasema wamechelewa. Mvua iliyofuata ilimkuta Mama haoni kitu ila mwanga, na hata mwanga wenyewe ukaenda.

Kanisani walimwombea. Walimzunguka Jumapili baada ya Jumapili, mikono juu ya kichwa chake, na mimi katikati ya sketi zao nikitazama macho ya Mama nione kama yatafunguka. Hayakufunguka. Basi watu wakaanza kunong'ona kwamba labda kuna jambo amelificha, dhambi fulani ambayo hajaitubu. Mama akaacha kwenda kanisani. Hakugombana na mtu. Alikaa tu nyumbani kwenye kigoda karibu na mlango, akageuza uso wake upande wa jua.

Nyanya, yaani mama yake Baba, alikuja kutoka Maragoli kutusaidia, na amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba Mama asikaribie moto. Amri ya pili ilinihusu mimi. "Kageha ataacha shule," alisema. "Atakuwa macho ya mama yake."

Mngedhani nililia. Nilifurahi! Nilikuwa mtoto mdogo, na ghafla nikawa mtu wa maana. Nilimshika Mama mkono kwenda chooni, mtoni, kwa jirani. Nilimwambia mbingu ina mawingu gani, nani anapita, kuku gani ametaga wapi. Mkono wake ulikaa ndani ya mkono wangu tangu asubuhi hadi tunalala, na hakuna mtoto mwingine katika kambi ya wafanyakazi aliyekuwa na mama yake peke yake namna ile.

Ndipo akaja Mwalimu Elija.

Alitumwa na misheni moja iliyokuwa na huduma ya vipofu. Kazi yake ilikuwa kupita mashambani kuwatafuta watu kama Mama, ambao wamefungiwa nyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa kipofu tangu utotoni, baada ya surua. Alitembea na mkewe, Rebeka, aliyeona vizuri na kusema kidogo. Zilikuwa nyakati za hali ya hatari, mtu hakutoka shamba moja hadi jingine bila kibali, na walikuwa wamesimamishwa na askari njiani mara nyingi. Hata hivyo walifika wakiwa safi, yeye na fimbo yake na tai shingoni, Rebeka na sanduku kichwani.

"Binti," aliniuliza hata kabla hajakaa, "tai yangu ni rangi gani?"

"Nyekundu," nikasema.

Akamgeukia mkewe kwa hasira ya uongo. "Na wewe uliniambia ni ya bluu!"

"Ni ya bluu," alisema Rebeka. "Huyo mtoto naye apimwe macho."

Ilikuwa ya bluu kweli. Nilikuwa nimeropoka kwa woga. Mama akacheka, na Nyanya akatoka nje haraka kuja kuona ni nani anayecheka, kwa maana sauti ile ilikuwa imepotea nyumbani kwetu.

Mama hakungoja sana. "Mwalimu, umekuja kuniombea nione?"

Mwalimu Elija akaiegemeza fimbo yake ukutani. "Mimi nimeomba hilo kwa ajili yangu tangu nikiwa kijana," alisema. "Siku nyingine bado naomba. Lakini wakati nangoja jibu, Mama Kageha, lazima nioge, nivae, nile. Leo nimetembea kutoka mbali na nina kiu. Nimekuja kunywa chai."

Nyanya akainuka kwenda jikoni.

"Samahani, Mama," Mwalimu alimwambia Nyanya kwa heshima. "Naomba chai ya mwenye nyumba."

"Atajiunguza!"

"Ataungua kidogo. Hata mimi nimeungua." Akanyoosha mikono yake, nasi tukaona makovu. "Rebeka anaona, na yeye pia ameungua. Ni jikoni pale, Mama. Kila mtu huungua."

Siwezi kuwaeleza vizuri jinsi chai ile ilivyochukua muda. Rebeka alisimama nyuma ya Mama bila kumgusa, akimwambia maneno machache tu. Sikiliza maji, yataanza kunong'ona kabla ya kuchemka. Pima joto la moto kwa kiganja ukiwa mbali, halafu sogea. Mama alipapasa mafiga, akapapasa sufuria, akaangusha kifuniko. Mimi nilikuwa nikiruka kila mara kumpa kitu, mpaka Mwalimu Elija, aliyesikia miguu yangu, akasema, "Binti, kaa chini." Nikakaa, nikamchukia palepale.

Chai ilikuwa na moshi, sukari ilizidi. Mwalimu aliinywa kwa kelele, akaomba nyingine. Kisha akauliza, kana kwamba ni jambo dogo, "Huyu binti anasoma darasa la ngapi?"

Mama akasema polepole, "Aliacha. Ananitunza mimi."

Mwalimu hakuhubiri. Alikunywa chai yake tu. Lakini nilimwona Mama akigeuza uso kuelekea nilipokuwa nimekaa, ukabaki hapo.

Wageni wale walikaa kwenye nyumba ya kanisa mpaka mahindi yakatoa mbelewele, na kila asubuhi walikuja kwetu. Baba aliokota waya wa ua uliotupwa, akauvuta kutoka mlangoni hadi chooni ili Mama aende kwa kuushika. Rebeka alishona mafundo madogo kwenye nguo zetu, Mama azitofautishe. Na kutoka kwenye sanduku likatoka kitabu kinene kama mto wa kulalia, Injili ya Luka, chenye kurasa zisizo na wino hata kidogo, nukta tu zilizoinuka. Siku hizi watu huziita nukta nundu. Sisi tuliziita herufi za Mwalimu.

Mama alishindwa. Vidole vyake vilikuwa vimekomazwa na jembe, havikusikia kitu. "Hapa pako laini tu," alisema, akasukuma kitabu. Rebeka akamwambia avipake mafuta kila jioni. Basi Baba akawa analeta siagi kidogo kutoka kwenye chumba cha maziwa, anakaa chini na kuvisugua vidole vya mkewe kimoja kimoja, mtu mzima yule, mbele ya mama yake mzazi. Nyanya alitazama pembeni. Lakini jioni moja Baba alipochelewa, nilimkuta Nyanya mwenyewe ameushika mkono wa Mama, anausugua, anagomba kwamba siagi nzuri inaharibiwa.

Wiki ambayo Mama alisoma mstari wake wa kwanza, ndiyo wiki aliyonipa habari. "Jumatatu unarudi shule."

"Na nani atakuongoza?"

"Nitajiongoza."

Nyanya alikuwa amerudi Maragoli kupalilia. Nilimkumbusha hilo. Nilimkumbusha mto, ng'ombe, mbwa wa bwana mwenye shamba. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Jumatatu alinitoa mlangoni, akaufungua mkono wangu uliokuwa umeng'ang'ania wake, akausukuma. Nilivuka mto kwenda shule nikijua kwamba hanihitaji tena. Jioni nilimkuta amepika ugali, mtungi umejaa maji, naye amekaa kwenye kigoda ametulia. Hilo liliniuma kuliko yote.

Miaka ikapita. Nikawa mwalimu, nikaolewa, nikazaa. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama mlangoni nikilia kwa sababu kifungua mimba wangu amekwenda shule kwa mara ya kwanza, na Mama, ambaye alikuwa amekuja kututembelea, akaniambia nikae.

"Siku ile uliporudi shule nilipotea," alisema.

Sikumwelewa.

"Nilienda mtoni. Mguu ukaiacha njia, nikaingia kwenye mahindi ya bwana. Kila nilikogeuka ni mahindi. Nilianguka. Nilizunguka mpaka sikujua nyumbani ni wapi. Na shule yenu ilikuwa ng'ambo tu, nikawa nawasikia mkiimba hesabu. Nikafungua mdomo nikuite."

"Mbona hukuita?"

"Kwa sababu ungekuja."

Akatafuta kikombe chake kwa vidole. "Nikakaa chini palepale katikati ya mahindi. Nikakaa mpaka moyo ukaacha kupiga kelele. Ndipo nikasikia maji."

Utoto wangu wote niliamini kwamba Mama aliniachilia siku ambayo hakunihitaji tena. Kumbe alinihitaji siku ile kuliko siku nyingine yoyote, jina langu likiwa mdomoni mwake, nami nikiwa darasani ng'ambo ya mto, nimemkasirikia, ninaimba hesabu.