Suti Iliyombana Mwenzangu

Bwawa letu liko bondeni, chini ya mashamba ya chai, upande wa Sosiot. Asubuhi maji yake ni baridi kiasi kwamba ukisukutua unashika taya. Karibu na ukuta wake, chini kabisa, kuna wavu wa chuma ambapo bomba la mradi wa maji huanzia. Magugu na majani yakiuziba wavu huo, mifereji hukauka hadi juu kilimani na ng'ombe huanza tena kuteremshwa mtoni. Lazima mtu azame na kuusafisha kwa mkono.

Zamani tulikuwa tukimwita fundi kutoka Kisumu. Kisha kamati ya maji ikaamua kumpa mtu wa hapa kazi hiyo, ya kudumu. Waliojua kuzama na mtungi wa hewa tulikuwa wawili tu: mimi, na mwanamume mmoja wa Chebunyo aliyeoa kwa jirani zetu. Tulijifunza pamoja katika kikundi cha waokoaji wa kujitolea, kwenye Ziwa Victoria, ambako maji ni ya uvuguvugu na tulizama na fulana tu. Kamati ilisema itatujaribu asubuhi moja, mmoja baada ya mwingine. Mitungi ilikuwa ya mradi. Mavazi ya baridi, kila mtu ajitafutie.

Niliitaka kazi hiyo mpaka nikawa naiota. Mimi nimekulia kando ya bwawa lile. Yeye amekulia huko Chebunyo, kwenye jua na mbuzi, na hata chai yetu alianza kuichuma baada ya kuoa. Sikuona ni kwa nini tushindanishwe.

Suti za mbizi mpya hazishikiki kwa bei. Lakini siku ya soko, muuza mitumba mmoja alifungua belo la nguo za michezo na kukuta humo suti kadhaa za mpira mweusi. Hakujua ni za nini. Alizitundika pamoja na makoti na kuwauzia watu wa bodaboda kama nguo za mvua. Niliziona mimi kwanza, na kwa adabu ya ujirani nikamwambia mwenzangu. Adabu hiyo inaniuma hadi leo.

Nilichagua haraka. Sisi wa nyanda za chai hununua kila nguo tukikumbuka sweta. Mama zetu walitununulia sare za shule hivyo, nasi tunawanunulia watoto wetu hivyo hivyo. Nikachukua suti pana, karibu mpya, yenye mistari ya buluu mabegani. Niliivaa juu ya sweta langu la sufu, zipu ikapanda bila shida. Nikalipa nikitabasamu.

Yeye aliendelea kuchakura. Kila suti aliikunja magotini na kwapani akitafuta nyufa. Aliubonyeza mpira kwa vidole kuona kama unarudi au umekufa. Aliangalia mishono kwa ndani. Mwisho akashika moja iliyopauka, goti limechanika, ambayo ilikwama mapajani alipoijaribu.

"Boss, hiyo ni ya mtoto," muuzaji akamwambia. "Chukua ingine, usijinyonge bure."

"Wacha inibane," alijibu.

Kwa sababu ya lile goti, alilipa nusu ya bei yangu, na akaongezewa kofia ya mpira na glavu mbili zisizofanana. Nyumbani aliziba goti kwa gundi na kipande alichokata kwenye suti nyingine iliyokwisha kabisa, aliyopewa bure. Niliyaona hayo kupitia ua, na nilimcheka mpaka jioni.

Asubuhi ya majaribio, wachumaji waliokuwa wakipeleka majani kituoni walitua vikapu vyao ukingoni. Mwenzangu alipotokea kama aliyeshonewa ndani ya suti ile, mama mmoja alipiga kelele, "Weri, kijana wewe, nani amekujaza kama utumbo wa mutura?"

"Mutura ya Chebunyo," mwingine akadakia. "Ngozi mingi, nyama kidogo!"

"Kateni basi muonje," alisema, naye akacheka nao.

Mimi walinisifu. Mmoja alisema nafanana na askari wa majini. Nikaingia majini wa kwanza nikiwa na sifa hizo masikioni.

Maji yalipenya shingoni, yakapita katikati ya sweta, yakatokea miguuni. Suti ya aina hii hukutia joto kwa kufungia maji kidogo karibu na ngozi, nayo mwili huyapasha. Yangu haikufungia chochote. Kila nikinyoosha mkono, maji mapya yaliingia. Sweta lilikunywa likawa zito kama kondoo. Vidole vilikufa nikiwa bado nang'ang'ana na magugu ya upande mmoja wa wavu, nikavuta kamba niliyofungwa kiunoni ili walio ukingoni wanitoe. Nilipopanda ukingoni, maji yalimwagika kutoka miguuni mwa suti yangu.

"Leteni ndoo za ng'ombe!" yule mama akaita. "Maji imefika!"

Mwenzangu akazama. Nilikaa nimefunikwa blanketi, nikitazama mapovu yake. Sikutaka adhurike. Nilitaka tu baridi imshike, avute kamba, atoke akitetemeka kama mimi. Kamba ilitulia. Magugu yakaanza kuelea, fungu baada ya fungu, hadi ukingo ukajaa. Alipotoka, mvuke ulikuwa ukifuka shingoni mwake. Aliomba maji ya kunywa, si chai.

Nilimuuliza alijulia wapi mambo ya kubana.

"Nilimpigia mwalimu wetu simu," akasema. "Wewe hukumpigia?"

Namba ya mwalimu nilikuwa nayo. Haikunijia hata kidogo kwamba katika jambo la baridi, mtu wa Sosiot anahitaji kuuliza.

Mwenyekiti wa kamati, mama mfugaji asiyependa maneno mengi, alimpa kazi pale pale. Alisema mzamiaji lazima awe na mtu wa kumshikia kamba, akamuuliza anamtaka nani. Mwenzangu akaninyooshea kidole mimi. Angetaja mtu mwingine, ningepata angalau cha kumlaumu.

Basi siku za kusafisha wavu mimi husimama ukingoni na koti zito, upepo ukishuka kutoka kwenye chai, nikiisikiliza kamba mkononi. Akitaka nafasi, namlegezea. Nafanya kazi hiyo vizuri, hakuna atakayenikosoa. Lakini watu wakipita wakiuliza, "Fundi yuko?", wanamaanisha yule aliye chini.

Juzi alitoka majini mashavu yamewiva, akavua kofia, akanitazama.

"Boss, huku nje iko aje?"

"Iko sawa," nikasema, nikapandisha kola ya koti hadi masikioni.