Kiti cha Mwakilishi

Kwa miaka mingi kiti cha mwakilishi wa chama cha walimu pale shuleni kilikuwa kama mtoto wa kambo: kila mtu alijua yupo, hakuna aliyeuliza kama amekula. Mwakilishi ndiye aliyepeleka malalamiko makao makuu ya chama na kurudi na jibu la "tutaangalia". Ndiye aliyepita na bahasha ya mchango mtu akifiwa. Ndiye aliyeingia kwa mkuu wa shule kuuliza kwa nini choo cha walimu hakina mlango, kisha akanuniwa muhula mzima. Uchaguzi ukifika, walimu walitazama dari, na mwalimu wa hesabu akasema, "Si Mama Sindano yupo?" Wenzake wakapiga makofi haraka kabla hajakataa.

Jina la Mama Sindano alipewa na wanafunzi. Alifundisha kazi za mikono: kushona, kufuma, kukata kitambaa bila kukiharibu. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa maneno, asiyekosa pini mbili tatu kwenye ukosi wa blauzi hata siku ya harusi. Nyumbani alikuwa na mume aliyekuwa fundi wa paa hadi alipoteleza na kuanguka. Tangu siku hiyo mgongo ulimkataza hata kuinua ndoo ya maji. Alikuwa pia na binti aliyerudi kutoka kwa mumewe, na wajukuu wawili waliokuja wamemshika binti huyo sketi, mmoja kila upande. Jioni watu wote hao walitazama mlango mmoja, na aliyetazamiwa kuingia ni yeye.

Muhula ule ikaja habari kwamba walimu wanapunguzwa. Shule yao ingetoa mmoja, na somo la kazi za mikono lingeondolewa kwenye ratiba. Hapakuhitajika mpiga ramli kujua ni nani amekalia kuti kavu.

Lakini mwalimu wa hesabu, ambaye alisoma kanuni za kazi kama wengine wasomavyo barua za mapenzi, akaibuka na jambo. "Mwakilishi wa chama haguswi akiwa bado yuko kitini," alisema katika chumba cha walimu. "Na kama aliyelengwa haguswi, anatoka aliyeajiriwa mwisho."

"Kifaranga," alisema mwalimu wa michezo polepole.

Kifaranga alikuwa mwalimu kijana wa lugha, mgeni kuliko wote, na saa ile alikuwa darasani. Sauti yake ilipenya ukutani, ikiwasomesha watoto kwa pamoja. Walimu waliisikiliza. Hakuna aliyetaka kuwa wa kumwambia, na kweli hakuna aliyemwambia.

Uchaguzi wa mwakilishi ulikuwa umekaribia. Mwaka huo hakuna aliyetazama dari. Leo anatoka mmoja, mwakani nani? Mwalimu wa hesabu aligombea. Mwalimu wa michezo aligombea. Hata mwalimu wa sayansi, ambaye hakuwahi kufika kikao hata kimoja cha chama, alisimama akasema kwamba tangu utotoni amekuwa na moyo wa kutetea wanyonge.

"Wanyonge gani?" aliuliza mwalimu wa michezo.

"Wewe subiri, utawajua."

Mama Sindano alitaka kusema kwamba amechoka, apewe mwingine. Akaukumbuka mlango wa jioni nyumbani. Akagombea.

Kura zilikusanywa ndani ya kofia ya mwalimu wa michezo na kufunguliwa mbele ya wote. Mwalimu wa hesabu, kura moja. Mwalimu wa sayansi, kura moja. Mwalimu wa michezo, moja. Kikaratasi baada ya kikaratasi, na kila mtu aliutambua mwandiko wake akajifanya kukohoa. Kila mgombea alikuwa amejipigia mwenyewe. Mama Sindano peke yake alipata mbili.

"Ushindi wa kishindo," alisema mwalimu wa michezo, akakung'uta kofia yake na kuivaa.

Kura moja aliijua, maana aliiandika kwa mkono wake. Ya pili ilimfuata kwenye korido.

"Mama, ile nyingine ni yangu," alisema Kifaranga, akiwa na vumbi la chaki hadi kwenye nyusi. "Mimi bado mgeni, sina hata haki ya kugombea. Nikasema, likitokea la kutokea, angalau nina mtu wa kunisemea."

Mama Sindano alimfuta vumbi usoni kwa kidole gumba, kama anavyowafanyia wajukuu zake. "Ahsante, mwanangu," alisema. Akageuka akaenda zake.

Nyumbani alimweleza mumewe wakati wa kupanga vyombo. Mzee alisikiliza akiwa amelala chali kwenye mkeka, mahali pekee ambapo mgongo ulimstahi.

"Umeiba?" aliuliza.

"Sijaiba."

"Umemsukuma mtu?"

"Sijamsukuma. Nimesimama tu, na nyuma yangu kuna shimo. Nikipisha naingia mimi. Nisipopisha anaingia yeye."

 Chumba cha pili watoto waligombania mto. "Siwezi kukwambia pisha," alisema mume hatimaye. "Na kukwambia usipishe nako kunanishinda. Mwanamume mzima nimelala hapa, nalishwa kwa kazi ya mtoto wa watu."

Siku ya uamuzi, mkuu wa shule alimwita Mama Sindano ofisini. Hapakuwa na ubaya usoni mwake. Alikuwa na mafua. "Utaratibu unataka mwakilishi awepo mtu anapoarifiwa," alisema. "Soma kwanza. Kama kuna kasoro, sema."

Alisoma. Hapakuwa na kasoro. Anatoka aliyeajiriwa mwisho. Kanuni hiyo aliijua vizuri kuliko mkuu, kwa sababu miaka ya nyuma yeye na wenzake wa chama ndio walioipigania, wakashinda na njaa nje ya ofisi za wakubwa, ili mkuu wa shule asimfukuze mwalimu kwa sababu tu hampendi. Ilikuwa kanuni nzuri. Sasa ilisimama mbele yake kama mwana aliyemlea mwenyewe, ameshika jiwe.

Kifaranga aliingia, akaambiwa. Hakulia. Alitazama kiti alichokalia Mama Sindano, kisha akamtazama yeye.

"Nasikia mtu ana haki ya kukata rufaa."

"Unayo," alisema Mama Sindano.

"Na anayeiandika ni mwakilishi?"

"Ndiye."

Walikwenda kwenye chumba cha kazi za mikono, ambako sasa halikuingia darasa lolote. Cherehani zilikuwa zimefunikwa. Wakakaa kwenye meza ya kukatia vitambaa, karatasi katikati yao.

Mama Sindano aliishika kalamu. Alijua kuandika rufaa za aina mbili. Kuna ile ya "kwa heshima na taadhima naomba nifikiriwe", ambayo huingia kwenye droo na kuzeekea humo. Kama angeiandika hiyo, kijana huyu angeshukuru na asingejua kitu maisha yake yote. Na kuna ile yenye meno.

"Sababu ya nguvu ipo moja tu," alisema.

"Ipi, mama?"

"Mimi. Nafasi iliyofutwa ni ya kazi za mikono. Walimu wa lugha hawatoshi, na wewe unatolewa ili nibaki mimi nisiye na somo. Kiti hiki ndicho kimenikinga. Kura yako ndiyo iliyonikalisha."

Nje watoto walikuwa wakipanga mstari. Kifaranga aliwatazama dirishani.

"Uliyajua haya siku nilipokufuata kwenye korido?"

"Niliyajua."

"Ukanifuta na uso."

"Nikakufuta."

Kijana alivuta karatasi karibu, akainyoosha kwa kiganja. "Sasa nikusamehe kwanza au tuandike kwanza?"

"Tuandike. Muda wa rufaa ni mfupi. Wa kusamehe unao."

Mama Sindano akaandika. Aliandika vizuri, hoja juu ya hoja, akalitaja somo lake mwenyewe kwamba limefutwa, akatia sahihi kama mwakilishi. Kisha akaipeleka chamani mwenyewe.

Jibu halijafika hadi leo. Utaratibu unasema hadi lifike hakuna anayeondolewa, kwa hiyo wote wawili wapo, wanakaa meza moja katika chumba cha walimu. Kifaranga anasahihisha madaftari, na akizidiwa, Mama Sindano anachukua nusu, maana hana la kufanya. Hawaongei sana.

"Hivi hapa nani kamkatia nani rufaa?" mwalimu wa hesabu aliuliza juzi.

"Muulize mwakilishi wangu," alijibu Kifaranga bila kuinua macho.

Ila pikipiki kama ile iletayo barua za chama ikisimama getini, kalamu zote mbili hutulia. Wote wawili huinua vichwa na kutazama dirishani, hadi wajue ni nani aliyekuja.