Safu Iliyoanzia Mbili

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema, kabla hujaanza kunihurumia. Kwetu Tanga watu wana sitara mno. Watakufunikia kosa lako mpaka wewe mwenyewe ulisahau. Mimi hili sitaki kufunikiwa.

Nilikuwa mwalimu wa taipu Chumbageni, kwenye darasa la wasichana lililoendeshwa na kamati ya wazazi, chumba kimoja nyuma ya ghala la zamani. Miaka ya shida, ile tuliyopanga foleni ya sabuni na wengine tukafulia majani ya mpapai, nilifundisha kwa mashine nne kuukuu. Utepe ukikauka, naupaka wino wa mhuri niliouombaomba maofisini. Karatasi ya kaboni tuliitumia mpaka ukiiinua juani unamwona jirani anaanika nguo. Na bado wasichana wangu walipata kazi: ofisi za mkonge, bandarini, mpaka mahakamani. Kichwa kikanivimba, sifichi.

Sasa, mashine zile zilikuwa na jambo lake. Safu ya namba ilianzia mbili. Moja haikuwepo! Waliozitengeneza waliona hasara kuiwekea kitufe, maana ile herufi l ndogo inafanana nayo. Kwa hiyo ukitaka moja unapiga l, kwa kidole cha pete cha mkono wa kulia, basi. Kwenye karatasi nani atajua? Hilo lilikuwa somo langu la wiki ya kwanza, na msichana aliyeonekana anaitafuta moja kule juu nilimgonga vidole kwa rula.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa vitu ambavyo tulikuwa tumesahau hata majina yake, na wakati huohuo ofisi zikaanza kufungwa. Mashamba ya mkonge yakapunguza watu, mwaka baada ya mwaka. Ofisi zilizobaki, ukipeleka msichana, wanamtazama juu mpaka chini, wanamuuliza, "Kompyuta unajua?"

Wakati huo nilikuwa na mwanafunzi mmoja kutoka Pongwe. Mama yake alikuwa akiponda kokoto kule kwenye mawe, na kipande kilikwisha kumruka kikampofua jicho la kushoto. La kulia nalo likawa halikauki machozi. Daktari alimwambia aache vumbi na nyundo, la sivyo na hilo litakwenda. Aache ale nini? Mume hakuwepo. Binti ndiye tegemeo, na alikuwa akija darasani kwa miguu siku nyingi, mavumbi mpaka magotini, kisha anakaa kwenye mashine na vidole vyake vinakwenda kama mvua juu ya bati. Aliniambia siku moja, bila kujiliza, "Mwalimu, mimi nikipata kazi Jumatatu, mama ataacha nyundo Jumapili." Toka siku hiyo sikuwa na mwanafunzi mwingine moyoni. Wengine niliwafundisha, yule nilimwombea.

Basi akatokea mzee mmoja mwenye duka la vitambaa, Mhindi, Mwislamu mwenzetu, aliyezaliwa Tanga hiihii na Kiswahili chake kinapita changu. Alifiwa na mkewe, akataka kutoa sadaka kwa ajili yake. Akaniita dukani.

"Mwalimu," akasema, "ndugu zangu wako Dubai, watanisafirishia. Chagua wewe. Taipu nane zilizotumika, au kompyuta mbili. Mimi ningekuwa wewe ningechukua kompyuta."

Akanipeleka chumba cha nyuma kunionyesha ya kwake. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Akaifunua taratibu, akaiwasha, ikanguruma, tukakaa tunaingoja iamke. Haijaamka, pu! Umeme ukakatika.

Nilicheka mie, nikashika kiuno. "Mzee wangu, hii ni mashine au bibi harusi? Mpaka ibembelezwe!"

Naye akacheka, mtu wa watu. "Umeme utarudi tu, mwalimu. Lakini chagua wewe. Wewe ndiye mjuzi."

Mjuzi! Nikaenda mbele ya kamati na ujuzi wangu. Nikawauliza, wasichana wote wale wagombee mashine mbili, tena za umeme huu wa mgao? Chumvi ya bahari inakula mpaka mabati, itaziacha hizo? Taipu ni chuma, nikasema, inapigwa kwa mwanga wa dirisha, ikiharibika fundi wa cherehani anaitengeneza. Wakanipigia makofi. Wallahi, nilitembea kurudi nyumbani nimejitanda kanga kwa maringo.

Taipu nane zikaja, na kati ya hizo moja ilikuwa na kitufe cha moja. Kipo palepale, mwanzo wa safu, kimekaa kama mgeni. Unajua nilifanya nini? Nilikata plasta ya kidonda nikakibandika.

Binti wa Pongwe ndiye aliyepangiwa mashine ile. Akauliza kwa adabu, "Mwalimu, kwa nini tusikitumie na kipo?"

"Kwa sababu huko ofisini hutakikuta," nikamjibu. "Usijizoeze anasa, mwanangu."

"Sawa, mwalimu."

Utii wake ule ndio unaoniua mpaka leo. Angenibishia japo kidogo! Angeibandua plasta siku nimetoka kwenda kuswali! Hakuibandua.

Nafasi ikatokea. Ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini ilitaka karani msichana. Nikaenda mwenyewe kumsemea. Wakaniambia wamekwisha kuweka kompyuta, lakini aje, wao watamwonyesha namna ya kuiwasha na kuizima, mradi vidole vyake vinajua herufi. Vinajua! nikasema. Vinajua kuliko vyangu. Nilimwazima viatu vyangu vya Idi na baibui langu jipya, nikamsomea dua, akaenda.

Alirudi kabla ya adhuhuri, viatu mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Enhe, vipi?"

"Mashine imeikataa moja yangu."

Sikumwelewa. Nikadhani wamemchezea, wana mtu wao. Damu ikanipanda. Nikamwambia akae palepale, nikajitanda, nikaenda kwa miguu mpaka ile ofisi, njia nzima nayapanga matusi ya heshima.

Kijana aliyemfanyia mtihani alinipokea kwa shikamoo na kiti. Matusi yangu yakakosa pa kuanzia. Akanikalisha mbele ya kioo, akasema, "Mama, niandikie magunia kumi na tano. Chini yake, kumi na mawili. Halafu mashine itajumlisha yenyewe."

Nikaandika, haraka, nimwonyeshe kazi. Akabonyeza kitu. Jumla ikaja sifuri.

"Imeharibika," nikasema.

"Haijaharibika, mama. Hii uliyoandika si moja. Ni herufi. Kwa macho yetu sawasawa, lakini mashine inaona umeandika neno, na neno halijumlishwi. Yule dada alijaza orodha nzima hivi. Kasi yake sijaiona kwa mtu, ila kila palipo na moja pameharibika. Moja yenyewe hii hapa."

Akanigusisha. Juu, kushoto, mwanzo wa safu, mahali pale pale nilipobandika plasta yangu.

Yarabi. Nikamwambia, mwanangu, nipe siku moja. Siku moja tu, nitamfundisha. Hata saa moja. Akasema amepatikana mwingine, amekwisha kutia sahihi. Nikamwambia habari ya mama wa Pongwe, ya jicho, ya nyundo, nikayamwaga yote mbele ya makarani wanaonitazama. Kisha nikapiga magoti. Ndiyo, mimi, na umri wangu, kwenye sakafu ya saruji ya ofisi ya watu. Yule kijana akaogopa, akaninyanyua kwa mikono miwili, na yeye machozi yanamlenga. "Mama, usinifanyie hivi. Si mimi ninayeajiri." Nikatoka. Nilipofika darasani binti alikuwa amekwisha kuondoka, ameviacha viatu mlangoni vimefutwa vumbi.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu hakungoja kuzaliwa.

Siku ya tatu nilikwenda Pongwe. Niliwakuta kwenye mawe, mama na binti, bega kwa bega, kila mmoja na nyundo yake. Mama alikuwa amejifunga kitambaa usoni, amebakisha lile jicho la kulia, jekundu kama pilipili. Akaniwekea gunia nikae. Sikukaa. Nikamweleza yote nimesimama: sadaka ya mzee, uchaguzi wangu, plasta, mtihani. Nikamwambia, "Mwanao hakushindwa. Mimi ndiye niliyemfundisha kosa, akalishika vizuri."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimekwenda kutukanwa, Mungu anajua.

Akajifuta jicho kwa ncha ya kanga. "Mwalimu," akasema, "riziki yake haikuwa pale. Usijitie dhambini kwa jambo la Mungu." Kisha akageuka akaita. Kutoka nyuma ya fungu la kokoto akaja msichana mwembamba, wa miaka kumi na minne hivi, mikono yote nyeupe kwa vumbi. Mama akamsukuma mbele yangu kwa furaha kabisa. "Huyu mdogo wake amemaliza la saba. Nilitaka nimlete mwenyewe. Mchukue, mwalimu, umfundishe vilevile ulivyomfundisha dada yake."

Mtoto akanipa shikamoo.

Dada mtu hakuinua kichwa. Alikuwa amelishika jiwe kwa vidole vile, analitafutia pa kupiga. "Mama," akasema, "huyu mwache abaki hapa na sisi."