Bahari Tuliyoitengeneza Kwenye Karai

Mkwe wangu ni mtu wa Tanga, kaletwa Kigoma na kazi ya serikali. Mwezi uliopita aliweka sebuleni tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, akasema anataka wanawe waijue bahari ya kwao. Mimi naishi nao hapa mtaa wa Mwanga, basi niliyaona yote nikiwa kwenye mkeka wangu. Alimimina maji aliyoyachuja, akatia chumvi ya ndoo iliyotoka Dar es Salaam, akakoroga, akachovya kipimo, akasoma, akaongeza kidogo tena kama anayempimia mgonjwa dawa. Kuna mashine ndogo ya mapovu inakoroma kutwa. Mchanga umo, mawe yamo. Samaki hamna.

"Baba, kumbe tumenunua maji tu?" mjukuu wangu wa mwisho akauliza.

"Subirini. Maji yakomae kwanza. Wiki nne, labda sita."

"Basi tukavue wa ziwani pale Kibirizi tutie humo, wakae wakati tunawasubiri wenyewe."

"Samaki wa ziwani ukimtia humo anakufa."

"Umejaribu?"

"Sijajaribu."

"Mimi nimejaribu," nikasema. Wote wakanigeukia.

Basi niwaambie na ninyi. Nilikuwa darasa la kwanza, naishi kwa bibi yangu, huko huko Kibirizi. Bibi alikuwa akipasua migebuka na kuitia chumvi, akiisha kuikausha anaipeleka kijiji cha Simbo kubadilishana na maharage. Chumvi yenyewe ilikuwa ya Uvinza, ya kijivu, inakaa kwenye chungu juu ya mafiga isipate unyevu. Ukipita uwanjani kwetu nguo zinashika harufu ya samaki mpaka jioni, na hakuna aliyejali, maana kila nyumba ilinuka hivyo.

Nyumba ya pili akahamia mfanyakazi wa reli na binti yake mmoja, Saida, rika langu. Mama yake alikuwa amefariki. Walitoka pwani. Saida alikuwa hali chakula. Ukimpa samaki wa mawese anageuza uso, anasema mafuta mekundu yanamnukia, yeye anataka nazi. Nazi tungeitoa wapi? Akawa anakunywa uji tu, shingo imekuwa kama ya kifaranga. Siku moja nikamsikia baba yake akimwambia bibi yangu kando ya ukuta, "Mama, akifika Ijumaa hajala, nampandisha treni arudi kwa nyanya yake. Sitaki anifie mikononi."

Mimi sikuwa na rafiki mwingine pale. Darasani tulikaa dawati moja. Nikamuuliza, "Unataka nini ule?" Akasema, "Nataka bahari." Nikauliza bahari ikoje. Akasema ni kama ziwa hili, ila maji yake yana chumvi.

Nikaona mbona jambo dogo.

Siku ya Alhamisi, bibi alipokwenda Simbo, nilichukua karai lake kubwa la kuoshea samaki, nikachota maji ziwani mara tano. Tukaingia na kanga penye mawe, tukanasa visamaki saba vyenye mistari, vile vinavyojificha kwenye nyufa. Vikawa vinazunguka karaini vizuri. Kisha nikashusha chungu, nikamimina chumvi yote. Yote kabisa. Kwa akili yangu, samaki akionja chumvi angegeuka wa baharini palepale.

Viliruka mara mbili tatu. Halafu vikalala ubavu, kimoja kimoja, mdomo wazi.

Saida akachovya kidole, akalamba, akatema. "Wewe Tatu, hii siyo bahari. Hii ni dawa ya kidonda." Akaanza kucheka. Tangu aje sikuwa nimemsikia akicheka. Akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nalia kwa sababu nimeua, na kwa sababu chungu ni kitupu.

Bibi akatukuta hivyo. Akatazama karai, akatazama chungu. "Nani kamwaga chumvi yangu?"

"Shikamoo bibi. Ni mimi," Saida akasema. "Nilimwomba Tatu anitengenezee bahari."

Nilitegemea fimbo. Bibi alikaa juu ya kinu, akavua kilemba, akajipepea nacho. "Mwana wanje," akamwambia Saida kwa Kiha, yaani mwanangu, "ungesema mapema kwamba kinachokushinda ni mawese." Akavitoa vile visamaki, akavipasua kwa ukucha, akavichoma juu ya makaa, bila mafuta, bila kitu. Chumvi ilikuwa imeshaingia mpaka kwenye mifupa. Saida alikula vitano na tonge za muhogo. Viwili akanipa mimi.

Ijumaa treni iliondoka bila yeye. Bibi alikaa wiki nyingi anakausha migebuka bila chumvi, na wa Simbo walimnung'unikia, lakini hakunitajia jambo lile tena.

Wajukuu waliuliza, "Sasa huyo Saida yuko wapi?" Sijui. Alikaa nasi mpaka darasa la pili, akanenepa, akajifunza Kiha cha kugombana. Kisha baba yake akahamishiwa Tabora, wakaondoka wakati wa likizo, mimi nikiwa kwa shangazi, kule kijijini Kidahwe. Kibirizi ile nayo sioni niionyeshe wapi. Bibi hayupo, nyumba zetu mbili hazipo, na penye mawe yale pamejengwa.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu alishika daftari la mahudhurio akaita kama kawaida. Wale wasichana nakumbuka wote: Asha, Bahati, Halima, Joha, Mwamini, Rukia, Saida, Tatu. Mimi nilikuwa nimezoea kujiandaa nikisikia Saida. Siku hiyo mwalimu alitoka kwa Rukia akaja moja kwa moja kwangu. Aliita mara mbili, nami nasubiri mwenzangu aitike kwanza.