Muuza Vinkubala wa Treni ya Sakania

Casimir Mumba, mwalimu wa hesabu huko Ruashi, alikuwa ametengeneza mchezo kwa miaka mitatu, na mchezo ulikuwa umemchosha kuliko wanafunzi sitini wa darasa lake. Ulikuwa mchezo wa kujivika uhusika: watu wanne au watano huketi mezani, kila mmoja hujifanya mtu fulani, mmoja husimulia safari, na dadu huamua nani kafaulu na nani kaumbuka. Safari yenyewe ilikuwa ya treni ya zamani kutoka Sakania hadi Lubumbashi, ambamo baba yake, Mzee Émile, alikagua tiketi miaka thelathini.

Maradhi ya Casimir yalikuwa ualimu. Hakuweza kuandika ukurasa kabla hajasoma walichoandika wenzake. Basi alitafuta michezo ya watu, akaipakua simuni umeme ulipokuwepo, akaisoma kwa kalamu nyekundu, na kila mmoja ulimwachia kitu. Huu alama za ujasiri, ule jedwali la majeraha, mwingine wachawi wenye panga, ambao Mungu ndiye ajuaye walipandia kituo gani. Majedwali yalifika kumi na manne. Treni haikuwa imetoka Sakania.

Mzee Émile alikuwa mgonjwa wa figo, na daktari alikuwa ameacha kutaja tarehe za mbali. Alishinda kwenye kiti chake cha plastiki barazani, akimngoja mwanawe arudi kutoka kazini.

"Casi, ile muchezo yako tutacheza siku gani?"

"Iko karibu kuisha, papa. Kuko kitabu moya nasoma kwanza."

"Mi sitaki kuwa contrôleur. Ile kazi nilishachoka nayo. Nataka nikuwe ule mama wa vinkubala."

Casimir alimjua mama huyo kwa masimulizi. Kila wiki alipanda na beseni la vinkubala, viwavi waliokaushwa, bila tiketi. Akiulizwa, jibu lilikuwa lile lile: tiketi anayo mume wangu, yuko behewa la mbele. Behewa la mbele halikuwa na mume yeyote. Mzee alilijua hilo miaka yote, na miaka yote alimwacha apite.

"Alikuwa anasemaka vile bila kucheka namna gani?" Mzee aliuliza. "Mi ningecheka. Tucheze, nijue."

"Wiki yenye kuja, papa."

Kitabu kilikuwa na kurasa mia tatu. Casimir alikuwa kwenye ya mia mbili na kumi Mzee Émile alipokata roho, Jumanne asubuhi. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, walisema wahenga. Juu ya baba hawakusema kitu.

Siku ya pili ya matanga walifika watani. Akina Mumba ni ukoo wa Mamba, na watani wao ni ukoo wa Samaki. Kwa desturi yao mtani huja kumwigiza marehemu, avae nguo zake, aseme kama yeye, awasumbue wafiwa mpaka wacheke. Mama Mwape, jirani wa ukoo wa Samaki, akatoka chumbani amevaa koti la Mzee na kofia yake ya reli, anachechemea vile vile, koleo la kutobolea tiketi mkononi. Wanawake waliokuwa wakilia wakaangua vicheko.

"Tike! Bote mulete tike! Mwenye hana, anashuka hapa hapa!"

Shemeji mmoja akatoa rozari. Mama Mwape akaikagua pande zote, akatoboa hewa, akapita. Kisha akasimama mbele ya Casimir.

Casimir hakuwa amelala siku tatu. Alichokuwa nacho kichwani ni majedwali kumi na manne, na hakuna hata moja lililomfaa. Akanyoosha mkono kwa wapishi, akachukua beseni, akajitwika.

"Mama," alisema Mwape kwa sauti ya Mzee, "tike iko wapi?"

"Iko na bwana yangu. Iko mbele kule."

Uwanja mzima ulicheka. Yeye hakucheka, wala hakujikaza asicheke. Kicheko hakikuwemo tu ndani yake. Shingo ilimuuma, macho yaliwasha, miguu ilitaka kukaa. Hapo ndipo alipoelewa, na kuelewa kukamchoma. Yule mama hakuwa hodari wa uongo. Alikuwa amechoka.

Jibu la swali la Mzee lilikuwa hilo, na kulipata kulichukua dakika tano, bila kitabu hata kimoja.

"Kaa chini, mama," alisema Mwape polepole. "Kule tunaenda kungali mbali."

Casimir akatua beseni, akageuka barazani haraka amwambie baba yake. Kwenye kile kiti cha plastiki alikuwa amekaa shemeji, anahesabu rozari.