Fimbo ya Kuulia Nge

Kabla hujanicheka, jua kwamba Garissa gofu inachezwa. Si kwenye majani, la hasha. Majani ya huku hata mbuzi huyasikia tu redioni. Sisi tuna mashimo sita nyuma ya mji, kwenye uwanda wa mchanga na miiba, na pale ambapo wenzetu wa bara wamezungusha shimo kwa zulia la kijani, sisi tuna duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ukashindiliwa. Tunaliita brauni. Kabla ya kuusukuma mpira shimoni unaburuta kibao juu ya mchanga kuulainisha, kama mtu anayepiga shati pasi.

Wachezaji tuko wanne: mhandisi wa maji, ambaye ni kapteni kwa sababu kibao ni chake, meneja mmoja asiyependa maneno, daktari wa meno, na mimi, mwalimu wa hesabu, ninayependa maneno kwa niaba ya meneja. Mwaka jana mhandisi alitangaza kwamba tumealikwa Nyeri likizo ya Desemba, timu ya watu watatu. Yeye na meneja walijiteua bila haya. Nafasi ya tatu, akasema, mwalimu na daktari wa meno wataigombea.

Sasa, Nyeri ndiko kwetu, na uwanja wake wa gofu ndipo baba yangu alipokuwa kedi, yaani mbeba mikoba ya wachezaji, tangu ujana wake mpaka mgongo ulipokataa. Alijua miteremko yote ya mashimo yote kumi na nane. Aliwanong'onezea wakubwa mpira utapinda wapi, na hakuwahi kuruhusiwa kuusukuma hata mmoja. Siku hizi ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na kisu cha daktari anakiogopa kuliko giza. Nilimpigia simu kumweleza habari ya mechi.

"Mama," akasema. Huniita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la mama yake. "Njoo ucheze nikiwa bado naona kitu."

Basi. Nikajua lazima niende, hata ikibidi nimng'oe daktari wa meno meno yake mwenyewe.

Taabu yangu ilikuwa moja. Mpira wa mbali naupiga vizuri tu, lakini nikifika brauni, hatua tatu kutoka shimoni, mpira unapita kulia kana kwamba huko kuna mtu anauita. Fimbo ya kusukumia sikuwa nayo, nilikuwa naazima ya mhandisi. "Nunua yako," akanishauri. "Ya kichwa kikubwa kama hii. Kichwa kikubwa hakikosei." Yeye mwenyewe ana kichwa kikubwa na hukosea sana, lakini nilikuwa na shida, na mwenye shida hachagui wa kumsikiliza. Nikaiagiza Nairobi, ikaja kwa basi imefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Kichwa chake kilitoshana na pasi ya makaa. Nikaisukumia wiki mbili, na mpira ukaendelea kwenda kulia. Nilipolalamika, mhandisi akanitazama kwa huruma.

"Mchagua jembe si mkulima, mwalimu."

Lo! Mtu aliyeniambia nichague! Nilikasirika hivi kwamba siku hiyo sikumsalimu hata meneja, na meneja hata hakugundua.

Aliyeniokoa ni muuza maziwa wangu. Ni mama wa mtaa wa Galbet, rika langu, na kila alfajiri huvuka uwanja wetu na madumu yake kwenda kuchukua maziwa ya ngamia kwa wachungaji. Akipita hutucheka waziwazi. Watu wazima wanne, wamesoma, wanafukuza yai kwenye jua! Jumamosi moja alisimama kando ya brauni, akaweka dumu chini, akainama.

"Abaayo," akaniita, yaani dada kwa Kisomali, lugha isiyo na P wala V. "Nani amebita hapa?"

"Mimi, si unaniona?"

"Wewe hapana. Fimbo."

Akanionyesha. Kwenye ule mchanga laini fimbo yangu ilikuwa imeacha mkwaruzo: unaanzia karibu na miguu yangu, unatoka nje, unarudi ndani, umepinda kama ukingo wa ungo. Kando yake palikuwa na mkwaruzo wa mhandisi, umenyooka kama rula. Mama huyu amekulia kwenye mbuzi, kule Bura. Ukimwonyesha unyayo atakwambia mbuzi ni wa nani na anachechemea mguu gani. Mimi nimesimama juu ya mikwaruzo hiyo wiki mbili, na digrii yangu, nisione kitu.

"Mkono yako inaenda kama mlango," akasema. "Fimbo yako inataka kwenda kama gari. Nyinyi mnabigana."

Akaninyang'anya fimbo, akailaza juu ya kidole kimoja hadi ikatulia. Kile kichwa kikubwa kikalala chali, uso juu.

"Ona. Inaangalia mbinguni kama mtu mfifu. Kwetu, msichana akibewa mbuzi ya kuchunga, anatafuta fimbo, anaweka kwa kidole hifi. Fimbo inasema inataka kwenda wabi. Kama haitaki kwenda na mkono yako, tuba."

"Nitupe! Unajua nimeinunua bei gani?"

"Basi korogea uji. Ingine huna?"

Ninayo, nikamwambia, lakini ni ya nge. Ilikuwa nyuma ya mlango wangu miaka sita. Mchezaji mmoja aliitupa vichakani kwa hasira zamani, baba akaiokota, na nilipopewa kazi huku akanikabidhi: "Huko kuna nyoka na nge. Chukua." Nami nikachukua, nikaua nge wasiohesabika. Kichwa chake ni chembamba kama kisu cha siagi, kina kutu na mambo mengine nisiyotaka kuyachunguza. Jioni alipoleta maziwa, nilimtolea. Akailaza kidoleni. Ncha ya kichwa ikaanguka, ikaelekea chini moja kwa moja.

"Haye! Hii inabinda," akasema, na akanimiminia maziwa kama mtu aliyemaliza kesi.

Asubuhi yake mpira uliingia. Nikaurudia, ukaingia. Nilipiga kelele mpaka korongo wa jaani wakaruka.

Siku ya kugombea, daktari wa meno alicheza akiimba chini kwa chini, mikono imetulia kama anajaza jino. Tukafika shimo la sita tukiwa sawa. Mpira wake ukasimama ukingoni mwa shimo, ukakataa kuanguka. Wangu ulikuwa umebaki hatua tatu, zile zile hatua tatu zangu. Akilini nikamwona baba kule Nyeri, na simu yake sikioni. "Abaayo, usifikirie!" akapaza sauti yule mama na dumu lake. Sikufikiria. Mpira ukaingia, nami nikalia mbele ya wanaume watatu bila aibu yoyote.

Nyeri tulipigwa. Tena vibaya! Yale majani niliyaona kama kitanda cha mtu, naogopa kuyakanyaga. Baba alikataa kata kata mtu mwingine abebe mkoba wangu. "Nimebeba mikoba ya wageni maisha yangu yote. Wa mtoto wangu ndio nikatae?" Mpira hakuuona hata mara moja. Aliniuliza umelala wapi, akaniambia utapinda vipi, na kila mara ulipinda hivyo.

Tulipofika shimo la mwisho mechi ilikuwa imeshaamuliwa. Mpira wangu ulikuwa hatua mbili kutoka shimoni. Nikampa baba fimbo.

Akaipapasa. "Hii si ile ya nyoka?"

"Ya nge, Baba."

Akailaza kidoleni, akaiacha ncha ianguke, akatabasamu. Na Bura kwa wachungaji hajawahi kufika. "Shimo liko wapi?" Nikaenda kusimama shimoni, nikawa nagonga mlingoti wa bendera ndani ya kikombe cha chuma, ngo, ngo, ili asikie. Akasukuma.

"Umeingia?"

Nilitamani kumdanganya. "Umepita kulia kidogo."

"Rudisha," akasema.

Nyuma yetu wachezaji wanne walikuwa wamefika, na makedi wao. Mmoja akatazama saa. Baba akakosa tena. "Rudisha, Mama." Nikaurudisha mpira miguuni pake, nikarudi kugonga chuma, na wale waungwana wakasubiri.